Mtoto Yuko Ugenini, Tumwombe Nani?



Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya matumizi ya fedha nyumbani. Tunaomba radhi, tumeyaweka kando kidogo. Tumepata barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, nayo imetukalisha kimya kabla ya kushika kalamu.

Jina lake hatutalitaja wala mahali anapoishi, kama mwenyewe alivyotuomba. Binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 24, alikwenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Aliondoka akiwa mzima, mwenye matumaini, akiacha sandukuni cheti chake cha kidato cha nne ambacho hakikumpatia kazi hapa nyumbani. Miezi ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Alituma fedha mara mbili. Wadogo zake wakanunuliwa sare na bati nne zilizokuwa zinavuja zikabadilishwa. Kisha simu ikanyamaza. Mama alipotuandikia, miezi mitatu ilikuwa imekwisha pita. Majirani wanasema amemuuza mtoto. Mume wake hasemi neno, lakini chakula anakigusagusa tu na kuondoka mezani.

Mwishoni mwa barua yake anatuuliza maswali mawili. Je, ametenda dhambi kwa kumruhusu binti yake aende? Na je, yupo mtakatifu anayewajua watu wa ugenini, ili amwombe?

Tutaanza na hilo la pili, kwa kuwa lina jibu jepesi. Ndiyo, mama, yupo. Ni mwanamke, tena yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji. Anaitwa Mtakatifu Frances Xavier Cabrini, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa wahamiaji. Kwetu jina lake halisikiki sana. Watoto wetu tunawabatiza Monika, Anna au Tereza. Cabrini ni nadra. Basi leo tukae naye kidogo, kisha tutarudi kwenye lile swali gumu.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1850 huko Sant'Angelo Lodigiano, mji mdogo wa wakulima kaskazini mwa Italia. Alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati wake. Akina mama waliowahi kumlea mtoto wa namna hiyo wanajua mama yake, Stella, alilala usingizi gani miezi ile. Katika watoto wengi wa nyumba hiyo, wanne tu ndio waliofikia utu uzima. Francesca, ndilo jina alilopewa nyumbani, akakua mwembamba, mfupi, wa kuuguaugua. Hakuna aliyemtazamia makubwa.

Mjomba wake alikuwa padri, na mtoto alipokwenda kukaa kwake alipenda kucheza kando ya mfereji wa maji. Alikunja vimashua vya karatasi, akapakia maua ndani, akaviachia viende na maji. Maua yale, alisema, ni wamisionari wanaokwenda China. Siku moja akateleza akatumbukia, na nusura afe maji. Tangu siku hiyo aliogopa maji maisha yake yote. Tafadhali lishikeni jambo hilo, maana mwanamke huyu baadaye alivuka bahari ya Atlantiki zaidi ya mara 20.

Alisomea ualimu akapata cheti akiwa na miaka 18. Miaka michache baadaye wazazi wake wote wawili wakafariki, naye mwenyewe akaambukizwa ndui alipokuwa akiuguza wagonjwa. Alipoomba kuingia utawani, alikataliwa kwa sababu ya afya yake. Wakampeleka kusaidia katika nyumba ya yatima mjini Codogno, nyumba yenye ugomvi na uongozi mbovu, wakidhani atakaa kwa majuma mawili tu. Akakaa miaka sita. Nyumba ile ilipofungwa mwaka 1880, askofu wake alimwambia maneno ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa mzaha: kama unataka kuwa mtawa mmisionari, na shirika la kukupokea hakuna, basi anzisha wewe. Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo, pamoja na wasichana saba, alianzisha shirika la Masista Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Alijiongezea jina la Xavier kwa heshima ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyefariki akiwa njiani kuelekea China. Nia yake ilikuwa ileile ya vile vimashua.

Lakini China hakufika.

Waitalia walikuwa wanahama

Katika miaka ile, watu wa Italia walikuwa wanaondoka kwao kwa maelfu. Sisi leo tukisikia Italia tunafikiri ni nchi ya watu wenye nacho. Wakati ule haikuwa hivyo. Kusini hasa, ardhi ilikuwa ya wachache, kodi zilikuwa nzito, na mkulima mdogo alilima shamba la mwenye mali, akavuna, akabaki na deni. Kati ya mwaka 1880 na 1920, Waitalia wapatao milioni 4 walikwenda Marekani. Walisafiri katika daraja la chini kabisa la meli, kule ambako hewa ni nzito na watu wamelala kama magunia ghalani.

Na walipofika walipokewa na nani? Mara nyingi ni wakala, tena Mwitalia mwenzao. Huyo ndiye aliyewalipia nauli, akawatafutia kibarua na chumba. Halafu alikata fedha ya nauli, ya chumba na ya kutafutiwa kazi, tena kwa hesabu aliyoijua mwenyewe. Mtu angeweza kuchimba mitaro ya jiji mwaka mzima na deni likawa palepale. Mama mliyetuandikia, tunajua kwamba hapa umesimama kidogo. Ndiyo, mambo haya si mapya.

Jijini New York, Waitalia walijazana katika majengo marefu ya vyumba vya kupanga. Chumba kimoja kilikuwa jiko, kitanda na karakana. Akina mama walishona suruali za mkataba au kutengeneza maua ya bandia usiku kucha, na watoto wadogo wakikaa chini wakisaidia. Kizungumzwacho nje hawakukielewa. Hata kanisani mambo hayakuwa mazuri: katika baadhi ya parokia, wenyeji waliwaona Waitalia kuwa wachafu na wasiojua dini, wakawapeleka kusali kwenye chumba cha chini ya kanisa. Tusiwacheke hao wenyeji. Nasi katika jumuiya zetu tunaye "yule mke wa mgeni", ambaye jina lake bado hatujalijua ingawa huu ni mwaka wake wa pili.

Askofu Giovanni Battista Scalabrini wa Piacenza alikuwa akihangaika sana na hali ya wahamiaji, naye alimwomba Mama Cabrini apeleke masista New York. Yeye bado moyo ulikuwa China. Akaenda kwa Papa Leo XIII, na Papa akamwambia kwamba njia yake si ya mashariki bali ya magharibi. Tunapenda kuamini kwamba alitoka pale amenyong'onyea kidogo. Ndoto ya utotoni haiachwi kwa siku moja, hata na watakatifu.

Usiku wa kwanza

Alitua New York tarehe 31 Machi 1889 akiwa na masista sita. Alikuwa na miaka 38. Waliambiwa kwamba nyumba ya yatima imeandaliwa na wao wanasubiriwa tu. Haikuwa hivyo. Nyumba haikuwepo. Askofu Mkuu Michael Corrigan alikuwa na mvutano na mama tajiri aliyeahidi kuigharamia, na barua ya kuwaambia masista wasije kwanza ilikuwa imechelewa.

Usiku ule walipata hifadhi katika nyumba ya kupanga ya mtaa wa maskini. Vitanda vilikuwa vichafu mno, vimejaa kunguni, na panya wakipita. Hawakuthubutu kulala. Walikesha wamekaa, wakisali. Tunaufikiria sana usiku huo. Wanawake saba, lugha hawaijui, mwenyeji hawana, mkononi hawana kitu, na harufu ya nyumba ngeni. Nadhani mabinti wengi waliotoka kwetu wameukesha usiku kama huo mahali fulani duniani, na barua iliyofika nyumbani ikasema, "Nimefika salama."

Kesho yake Askofu Mkuu aliwapokea, akawaambia kwa upole kwamba ingekuwa vizuri warudi Italia kwa meli ileile. Mama Cabrini alimjibu kwa heshima kwamba Papa ndiye aliyemtuma huko, na huko atakaa. Akatoa barua zake. Hapo ndipo tunapompenda. Hakupandisha sauti, hakulia, wala hakuondoka.

Kabla mwezi wa Aprili haujaisha, nyumba ya yatima ilikuwa imefunguliwa katika mtaa wa 59. Huyo mama tajiri na Askofu Mkuu walikuwa wamepatana, na mpatanishi alikuwa ni yeye. Watoto wakaletwa: waliofiwa na baba machimboni, waliofiwa na mama katika uzazi, waliookotwa mitaani. Masista waliwafundisha wengine kanisani, kwa sababu shule haikuwepo. Na chakula? Walichukua vikapu wakapita madukani na sokoni katika mitaa ya Waitalia kuomba. Wengine waliwafukuza kwa matusi. Wengine walitoa: muuza nyama kipande, muuza unga kibaba, muuza mboga kilichobaki jioni. Nyumba ile ililishwa hasa na watu ambao wao wenyewe hawakuwa na cha kutosha.

Mwaka uliofuata alipata kiwanja kikubwa kando ya mto Hudson, mahali paitwapo West Park. Mapadri Wajesuiti walikiuza kwa bei nafuu kwa sababu hakikuwa na maji ya kutosha. Yeye akakinunua, akatafuta, akapata chemchemi. Watoto wa jiji wakahamia kwenye hewa safi.

Mikono ya gauni imekunjwa

Kuna jambo moja alilolikataa mwanzoni, nalo ni hospitali. Yeye alikuwa mwalimu, kuuguza kulimtisha. Lakini Waitalia waliougua walipata taabu ya pekee. Mgonjwa alilazwa, na kueleza panapomuuma hawezi, wala haelewi daktari amesema nini. Mtu aliweza kufa wodini bila kuagana na yeyote kwa lugha yake.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Mama Cabrini alimwota Bikira Maria yuko kati ya vitanda vya wagonjwa, amekunja mikono ya gauni na kuchomeka pindo, akitengeneza mashuka na kuwahudumia. Alipotaka kumsaidia, Mama Maria akamwambia kwamba anaifanya kazi ile ambayo yeye, Francesca, hataki kuifanya. Asubuhi alianza kuulizia nyumba. Tunaipenda sana ndoto hiyo. Katika picha zetu Mama Maria amevaa vazi lisilo na kunjo wala doa, na mikono ameikunjua. Ni vyema kukumbuka kwamba huko Nazareti alikuwa na ndoo na ufagio.

Hospitali hiyo ilianza mwaka 1892 ikiwa na vitanda 10, na magodoro masista walishona wenyewe. Waliiita Columbus, kwa kuwa ilitimia miaka 400 tangu Mwitalia huyo afike katika mabara ya Amerika, na jina hilo Wamarekani hawakuweza kulidharau. Alikuwa mwanamke mwenye akili ya soko, kwa maana nzuri kabisa. Mwaka 1905 alifungua hospitali nyingine ya Columbus jijini Chicago, katika jengo lililokuwa hoteli. Husimuliwa kwamba wauzaji walitaka kumpunja kipande cha kiwanja. Yeye aliwatuma masista alfajiri wakiwa na kamba, wakakipima chote kabla jiji halijaamka. Siku ya kutia sahihi, wauzaji wakakuta vipimo vimo mkononi mwake.

Hakukaa mahali pamoja. Mwaka 1892 masista wake walikwenda New Orleans, ambako mwaka mmoja nyuma, tarehe 14 Machi 1891, kundi la watu wenye hasira lilivunja gereza na kuwaua Waitalia 11. Walishutumiwa kwa kifo cha mkuu wa polisi wa jiji, ingawa mahakama ilikuwa haijamtia hatiani hata mmoja wao. Fikirini wake wa wanaume wale, wanatembeaje sokoni siku iliyofuata. Ni katika mji huo, kwa watu hao, ndipo masista walipofungua shule na nyumba ya yatima. Huko Denver walishuka machimboni kuwatembelea wachimbaji. New York walikwenda hadi gereza la Sing Sing kuwaona Waitalia waliofungwa, wakawaandikia barua za kwenda kwa mama zao.

Barua hizo ndizo tunazozifikiria zaidi ya yote mengine. Mfungwa hana la kujisifia. Mama yake kijijini hajui kusoma. Atampelekea padri amsomee. Na mtawa amekaa pale na kalamu, anamwuliza mtu mzima, mwenye ndevu, aliyeua pengine: tumwambie nini mama?

Mwaka 1909, mjini Seattle, Mama Cabrini alichukua uraia wa Marekani. Alikwenda pia Nikaragua, Argentina, Brazili, Hispania, Ufaransa na Uingereza. Safari ya kutoka Chile kwenda Buenos Aires aliifanya kwa kupanda nyumbu juu ya milima ya Andes. Tarehe 22 Desemba 1917 alifariki akiwa katika hospitali yake ya Chicago, ameketi kitini. Siku moja kabla alikuwa akisaidia kutayarisha peremende za Krismasi kwa ajili ya watoto wa shule. Alikuwa na umri wa miaka 67, na nyumba alizoacha, shule, hospitali na vituo vya yatima, zilikuwa 67. Yule njiti. Papa Pius XII alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Julai 1946, raia wa kwanza wa Marekani kupata heshima hiyo. Masista wake wanaendelea na kazi hadi leo katika nchi mbalimbali, ikiwemo Eswatini katika bara letu.

Tuongeze habari moja ambayo wazazi wataipenda. Mwaka 1921, katika hospitali yake ya New York, muuguzi alimtia mtoto mchanga dawa ya macho baada ya kuzaliwa, kama ilivyokuwa desturi. Dawa hiyo ilipaswa kuwa na nguvu ya asilimia 1. Kwa makosa ilikuwa asilimia 50. Uso na macho ya mtoto viliungua, na madaktari walisema hataona. Masista walikesha wakimwomba Mama Cabrini awaombee. Kulipokucha macho yalikuwa mazima. Muujiza huo ulipokelewa katika kumtangaza mwenye heri mwaka 1938, na mtoto yule alikua akawa padri. Watu husimulia habari hii wakimfikiria mtoto na mama yake, na ni haki. Sisi humfikiria pia yule muuguzi, usiku ule.

Sasa lile swali gumu

Mama, unauliza kama umetenda dhambi. Tumezungumza hapa kati yetu kwa muda mrefu, tukamwuliza na padri, na jibu letu ni hapana. Anayeuza mtoto hupokea bei na kumsahau. Wewe ulimbariki binti mtu mzima aliyetafuta kazi ya halali, na tangu hapo hujalala. Neno la majirani lisiingie ndani ya nyumba yako. Katika yote tuliyosoma juu ya Mama Cabrini hatukuona mahali alipomlaumu mhamiaji kwa kuondoka kwao, wala mama kwa kumwachia mtoto wake. Lawama zilikuwa nyingi mitaani. Yeye alileta supu.

Lakini hatutaki kukudanganya kwa maneno matamu. Wapo mabinti wanaofanya kazi Uarabuni kwa amani, wanalipwa na wanarudi. Wapo pia wanaonyang'anywa simu na pasipoti, wasiolipwa, wanaopigwa. Kimya cha miezi mitatu si jambo la kungojea tu. Na huyu mtakatifu unayetaka kumwomba si wa kungojea. Ni yule wa kamba ya alfajiri.

Kwa hiyo tunakusihi ukusanye karatasi zote ulizo nazo. Nakala ya pasipoti yake, mkataba kama upo, jina la wakala na namba yake, jina la mwajiri, namba zote alizowahi kupigia, tarehe aliyoondoka na tarehe ya simu ya mwisho. Kama hukuwahi kuziona karatasi hizo, andika unachokumbuka. Umwendee wakala ukiwa na mtu, usiende peke yako, na umtake akupe majibu kwa maandishi. Kisha upeleke habari Wizara ya Mambo ya Nje, nao wawasiliane na ubalozi wetu ulioko Muscat. Ukiambiwa uje kesho, uje kesho, na kesho kutwa. Umpeleke baba yake pia. Mwanaume asiyesema neno mara nyingi hajapata tu mahali pa kuanzia. Akishika bahasha ya karatasi mkononi atasema.

Jambo jingine ni Kanisa. Wengi wetu hatujui kwamba Muscat kuna parokia za Kikatoliki. Moja iko sehemu ya Ruwi, parokia ya Watakatifu Petro na Paulo. Waumini wake karibu wote ni wahamiaji: Wahindi, Wafilipino, na Waafrika wamo. Mwombe paroko wako aandike barua kwa paroko wa huko. Haitakuwa mara ya kwanza barua ya namna hiyo kupita kati ya mapadri.

Nasi wengine tunaosoma, jirani ambaye mtoto wake yuko mbali tusimwulize "Ametuma nini?" kila tunapokutana kisimani au dukani. Tumwulize habari za mtoto mwenyewe. Na binti akirudi kabla ya wakati, bila sanduku kubwa, tumpokee bila kumhoji. Sisi wa ukurasa huu tumewahi kukosea hapo. Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa mtaani kwetu alirudi kutoka ng'ambo, tukaenda kumpa pole ya safari, na katika nusu saa tuliyokaa tuliuliza mambo ya mshahara mara tatu. Alijibu kwa adabu. Baadaye sana tukasikia kwamba usiku alikuwa akiamka na kupiga kelele. Hatukumwuliza hata mara moja kama analala.

Sikukuu ya Mtakatifu Cabrini huadhimishwa tarehe 13 Novemba nchini Marekani, na tarehe 22 Desemba mahali pengine, siku tatu kabla ya Noeli. Huna haja ya sala maalumu, mama. Mwambie kwa maneno yako. Yeye aliogopa maji, akakesha na kunguni, akaambiwa arudi kwao. Utakachomweleza si kigeni kwake. Mtajie jina la binti. Jina hilo unalo wewe na sisi tu, nasi tumelipeleka katika nia za Misa ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 12 asubuhi. Ukiweza kuamka saa hiyo huko uliko, tutakuwa pamoja.

Tafadhali utuandikie tena ukisikia chochote, hata kama ni nusu ya habari. Akina mama wengine wenye watoto ugenini, nanyi tuandikieni mlivyofanya, hasa mliowahi kupita ofisi hizo na mnajua mlango wa kuanzia. Barua zenu tutazichapa bila majina.

Mazungumzo ya fedha za nyumbani tutayarudia mwezi ujao, Mungu akipenda.